Kucheza Kaiti Lamu na Familia Kutoka Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka ifikapo Septemba, wazazi wa Nairobi wanaopanga likizo ya mwisho wa mwaka huanza kunipigia simu na kuniuliza mambo yale yale kuhusu kwenda Lamu na watoto, hasa upande wa Kizingoni, magharibi mwa kisiwa, mbali na mji. Majibu yafuatayo ni yale ninayoyatoa kwa simu, ila hapa nimeyapanga na kuyapima zaidi. Nimetumia neno "tiara" kwa chombo chenyewe kinachoruka angani, na neno "kaiti" kwa mchezo, kama wasemavyo vijana wa pwani.

## Mambo ya msingi

Kaiti ni mchezo gani hasa?

Ni kuteleza juu ya maji ukiwa umesimama kwenye ubao mfupi huku ukivutwa na tiara kubwa ya kitambaa. Tiara hiyo si kama ile ya karatasi tuliyorusha utotoni. Ukingo wake wa mbele na mbavu zake ni mirija inayojazwa hewa kwa pampu, ili ikianguka baharini ielee na iweze kurushwa tena. Ubunifu huo wa mirija ulisajiliwa mwaka 1984 na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, na bila huo mchezo huu ungebaki wa nchi kavu. Mchezaji huvaa mkanda mpana kiunoni, mkanda huo hushikana na mpini, na kutoka kwenye mpini huenda kamba zenye urefu wa mita 20 hadi 24 mpaka kwenye tiara.

Mchezo huu uliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2024, katika michezo ya Paris, ingawa mbio zake zilifanyika baharini huko Marseille. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya mababu na mabibi bado hudhani kwamba ni wazimu wa vijana wasio na kazi.

Kwa nini twende Lamu, ilhali Diani na Watamu ni rahisi kufikika?

Ikiwa hakuna hata mmoja katika familia aliyewahi kushika mpini, basi msiende Lamu kwanza. Diani, Galu, Watamu na fukwe za kaskazini mwa Malindi zina walimu wengi zaidi, vifaa vya kukodi kwa wingi, na watu ufuoni wanaoweza kukusaidia. Lamu inaifaa familia ambayo angalau mtu mzima mmoja anaweza kwenda na kurudi mahali alipoanzia bila kusaidiwa. Faida yake ni ufuo mrefu, usio na msongamano, na mji ambao wasiocheza hawatachoka nao.

Je, ni lazima kila mtu acheze?

Hapana. Katika safari nyingi nilizoziona zikifanikiwa, walioingia majini walikuwa wachache kuliko waliobaki nchi kavu.

Inachukua muda gani kujifunza?

Mtu mzima wa kawaida huhitaji saa 9 hadi 12 za mafunzo na mwalimu kabla ya kusimama kwenye ubao na kwenda mita chache. Masomo huanza kwa tiara ndogo nchi kavu, hufuata kuvutwa majini bila ubao, kisha kuinuka ubaoni. Hatua inayochelewa ni kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kukata pembe, jambo ambalo manahodha wa majahazi walilijua karne nyingi kabla yetu. Asiyeweza kubisha hupelekwa demani, upande upepo unakoelekea, na hurudi kwa miguu akiwa na ubao kwapani. Kwa hiyo msihesabu kwamba siku nne za likizo zitatosha kumtoa mtu sifuri.

## Kuchagua tarehe

Upepo huvuma miezi gani?

Pwani ya Afrika Mashariki ina pepo mbili kuu, na kila mtoto wa Lamu anazijua kwa majina. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa jumla kati ya Desemba na Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na huwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Baina ya pepo hizo kuna vipindi vya maleleji, ambapo upepo hubadilika-badilika na siku nzima inaweza kupita bila jani la mnazi kutikisika.

Kwa familia, kaskazi ndiyo inayofaa. Ufuo mkuu wa kisiwa cha Lamu unaanzia Shela na kuelekea kusini-magharibi kwa takriban kilomita 12, kwa hiyo kaskazi huvuma karibu sambamba na nchi kavu, na anayeshindwa kudhibiti tiara hutembea na ufuo badala ya kusukumwa moja kwa moja kilindini au kutupwa juu ya mchanga. Aidha, anga huwa kavu. Kusi huja na mawimbi makubwa, na mwanzo wake huja na masika, na Mei kisiwani ni mwezi wa mvua nyingi sana.

Niliwahi kuwashawishi watu kumi na mmoja twende katikati ya Novemba kwa sababu nauli ilikuwa nafuu. Tulikaa siku sita tukiwatazama wavuvi wakipiga makasia. Nauli hiyo haikuwa nafuu bure.

Likizo za shule zinaoanaje na pepo hizi?

Vibaya, isipokuwa mara moja. Likizo ya Aprili huangukia maleleji na mvua. Likizo ya Agosti huangukia kusi, ambayo nimeieleza kwenye swali la Agosti, karibu na mwisho. Likizo ndefu huanza Novemba upepo ungali haujatulia, lakini sehemu yake ya mwisho, kuanzia wiki ya tatu ya Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari, ndiyo dirisha la kweli. Kwa bahati mbaya ndilo pia dirisha la kila mtu, hivyo nyumba na viti vya ndege huisha mapema.

Wenye watoto wasioanza shule wasipoteze fedha Desemba: waende mwishoni mwa Januari, kaskazi ikiwa imekomaa na bei zimeshuka. Mapumziko mafupi ya katikati ya muhula wa kwanza yanawezekana pia, lakini ni siku chache mno kwa anayejifunza.

Kwa nini unasisitiza tutazame mwezi kabla ya kununua tikiti?

Kwa sababu tiara huendeshwa na upepo, lakini ratiba ya siku huendeshwa na maji, na maji huendeshwa na mwezi. Hili ndilo swali ambalo watu wa Nairobi hulidharau, nami ningependa walisome mara mbili.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tunapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake inaweza kuzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Jambo lenye manufaa ni hili: katika pwani ya Kenya, siku za bamvua bahari hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: maji hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa alasiri. Kaskazi nayo kwa kawaida hushika nguvu kuanzia adhuhuri. Kwa hiyo wiki ya bamvua humpa mzazi siku iliyopangwa vizuri bila yeye kuipanga. Asubuhi maji yametoka, ufuo ni mpana, watoto wadogo hucheza kwenye vidimbwi vyenye vuguvugu na wanaojifunza hufanya mazoezi ya tiara kwenye mchanga mtupu. Baada ya chakula cha mchana maji yanarudi pamoja na upepo. Wiki ya maji mafu si mbaya, lakini upepo wa alasiri hukuta maji yakiwa machache, na ubao unaogusa tope haufurahishi mtu.

Bamvua ina gharama yake. Maji mengi yanayoingia lazima yatoke, na katika milango ya bahari, yaani baina ya Shela na kisiwa jirani cha Manda, na vilevile kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa, mkondo huwa mkali. Baada ya saa kumi alasiri maji huanza kugeuka, na mkondo unaotoka huelekea baharini. Utaratibu wetu ni kwamba mtoto na mwanafunzi hutoka majini kabla ya mgeuko huo, hata kama upepo ndio kwanza umekolea na hata kama analia.

Huna haja ya jedwali la kigeni kujua hali itakavyokuwa. Ukijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, unajua bamvua: ni siku chache kuzunguka tarehe 1 na tarehe 15.

Je, tuepuke Ramadhani?

Si lazima, lakini mjue mnachoingia. Ramadhani ya 2026 iliangukia Februari na Machi, katikati ya kaskazi, na kwa kuwa husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, itaendelea kukutana na msimu huu kwa miaka kadhaa. Mchana mikahawa mingi ya mjini hufungwa, manahodha wanafunga na hawapaswi kuombwa kazi nzito za jua kali, na kula barabarani ni utovu wa adabu. Usiku, kwa upande mwingine, mji huwa mzuri kuliko wakati wowote wa mwaka.

## Safari na mizigo

Tunafikaje kutoka Nairobi?

Njia ya kawaida ni ndege ndogo kutoka Wilson hadi uwanja wa Manda, safari ya saa moja na kitu, mara nyingine kwa kupitia Malindi. Uwanja huo uko kwenye kisiwa jirani, kwa hiyo mkishuka mtapanda mashua kuvuka mlango wa bahari. Mkilala Kizingoni, safari ya mashua ni ndefu zaidi na hutegemea maji, hivyo mpangie nahodha kabla hamjaondoka Nairobi, na mumwambie idadi ya watoto na ya mabegi.

Ndege ndogo zitakubali vifaa vya kaiti?

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 tu au zaidi kidogo kwa abiria, na hutaka mabegi laini yasiyo na fremu. Tiara moja na pampu, mpini, mkanda na ubao hufika kilo hizo bila hata kaptura moja. Njia iliyotufaa ni kugawa: mtoto wa miaka sita ana haki ya kilo zake, na nguo zake ni kilo tatu, kwa hiyo tiara ya baba husafiri kwenye begi la mtoto. Ubao unaogawanyika vipande viwili ni anasa inayojilipa. Piga simu kwa shirika la ndege mapema, taja urefu wa begi na si uzito tu, na uombe jibu kwa maandishi. Mwaka mmoja begi letu lenye tiara mbili lilibaki Nairobi siku mbili kwa sababu ndege ilikuwa imejaa, na hakuna aliyetuambia mpaka tulipokuwa tumesimama Manda. Tangu hapo, tiara na mpini wake haviwekwi kamwe katika begi moja na tiara na mpini mwingine.

Je, tunaweza kwenda kwa gari au treni?

Treni ya SGR itawafikisha Mombasa, kisha kuna basi kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, ambako mtavuka kwa mashua. Barabara ya Garsen hadi Lamu sasa ina lami. Hata hivyo, kwa familia yenye watoto napendekeza ndege, kwa sababu zilizo kwenye jibu linalofuata.

Hali ya usalama ikoje?

Swali hili linastahili jibu lisilopakwa sukari. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay ilivamiwa. Magari pia yamewahi kushambuliwa barabarani bara. Mji wa Lamu, Shela na upande wa bahari wa kisiwa vimekuwa na utulivu kwa muda mrefu, na wageni wanaendelea kwenda. Sehemu za bara karibu na msitu wa Boni na visiwa vya mbali kuelekea mpaka wa Somalia ni jambo jingine kabisa, na siwezi kumshauri mzazi azitembelee kwa ajili ya mchezo.

Mwenye pasipoti ya nje asome ushauri wa serikali yake kuhusu Lamu kabla ya kununua bima, kwa kuwa bima nyingi hukataa kulipa pale serikali husika inapokuwa imeonya watu wasiende.

## Watoto

Mtoto anaweza kuanza akiwa na umri gani?

Uzito hutangulia umri. Walimu wengi husita kumfunga kwenye tiara mtoto asiyefika kilo 35 au 40, kwa kuwa hata tiara ndogo inaweza kumwinua. Kwa watoto wengi hiyo ni miaka 10 hadi 12. Ni kweli kwamba Mhispania Gisela Pulido alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2004 akiwa na miaka 10, na kila mwaka kuna baba anayenitajia habari hiyo, lakini yeye aliishi ufuoni na alifundishwa kila siku, ilhali mwanao anatoka Lang'ata.

Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kujifunza tiara ya mazoezi nchi kavu, ile isiyofungwa mwilini, na atakuwa na mikono bora kuliko yako atakapofikia uzito.

Mwanangu hajui kuogelea vizuri. Je, jaketi la kuokolea halitoshi?

Halitoshi. Jaketi humfanya aelee tu, halimfundishi kutulia anapofunikwa na wimbi huku kamba zikiwa zimelegea kando yake. Mpelekeni kwenye bwawa la kuogelea Nairobi kwa miezi mitatu kabla ya safari, na kipimo kiwe mita 200 bila kusimama wala kushika ukingo. Kipimo hicho kinamhusu mzazi pia, na mara nyingi mzazi ndiye anayeshindwa.

Tunaweza kufanya mazoezi Nairobi au Naivasha?

Tiara ya mazoezi inaweza kurushwa kwenye uwanja mpana wa shule usio na nyaya za umeme wala watu. Milima ya Ngong ina upepo mwingi, ndiyo maana ina mitambo ya umeme wa upepo, lakini upepo wa milimani huja kwa mishtuko na ardhi yake ni mteremko, hivyo haifai kwa anayeanza. Kuhusu Naivasha, jibu ni viboko.

## Majini

Ni masharti gani ya usalama ambayo hayajadiliwi?

La kwanza ni kutocheza kamwe upepo unapotoka nchi kavu kuelekea baharini, hata ukiwa mwanana. La pili ni kuacha nafasi ya angalau mita 50 demani pasipo na mtu, mti, mashua wala ukuta, kwa sababu tiara ikikushinda itakutupa upande huo. Watoto wanaotazama wakae joshini, upande upepo unakotoka, na watu wazima wawaelekeze hivyo bila kuchoka, maana mtoto huifuata tiara, na tiara huwa demani.

La tatu ni kifyatuo cha dharura. Kila mchezaji, hata mwenye uzoefu wa miaka kumi, aonyeshe kila asubuhi kwamba anaweza kukivuta akiwa amefumba macho. Ukikivuta, tiara hupoteza nguvu na kubaki imefungwa kwa kamba moja ya usalama. Watu huumia kwa sababu hufikiri kwa sekunde mbili zaidi kabla ya kukivuta.

Ishara ni chache: kujigonga kichwani kwa kiganja humaanisha "nisaidie kushusha tiara", na kidole gumba kikiinuliwa humaanisha "achia, niko tayari". Fundisheni hata wasiocheza, maana Kizingoni mtu wa pekee wa kukushushia tiara anaweza kuwa shangazi yako.

Nitajuaje kwamba upepo umezidi uwezo wetu?

Upepo wa baharini hupimwa kwa noti, na noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Kati ya noti 14 na 20 ndipo familia nyingi hufurahia. Kinachowakosesha watu hesabu ni kwamba nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo wake, bali kwa kipeo cha pili: upepo ukitoka noti 12 ukafika 17, mvuto huongezeka maradufu, ingawa usoni unahisi tofauti ndogo tu. Mtu wa kilo 75 atakayetumia tiara ya mita za mraba 12 katika upepo wa noti 15 atahitaji ya 9 ukifika 20. Asiye nayo abaki ufuoni.

Upepo ukikatika nikiwa mbali, nifanye nini?

Usiache vifaa na kuogelea. Vuta kifyatuo, kunja kamba kwenye mpini kwa utaratibu, ifikie tiara, kisha uilalie au uitumie kama tanga kukurudisha ufuoni. Tiara inaelea na inaonekana kutoka mbali, na kichwa cha mtu hakionekani. Hata hivyo, Lamu hatuingii majini bila mashua ya mtambo iliyo tayari na nahodha anayetutazama. Gharama yake ni sehemu ya safari na si nyongeza.

Vipi kuhusu wavuvi na nyavu zao?

Bahari ni shamba lao. Mashua yenye tanga haiwezi kukwepa ghafla, hivyo wewe ndiye mwenye kupisha, na upite demani yake kwa mbali ili tiara isiguse mlingoti. Mkifika, muulizeni nahodha nyavu na mitego huwekwa wapi. Tumewahi kukata wavu kwa ubao, tukalipa, na tukaomba radhi kwa mzee ambaye alitupokea kwa upole tusioustahili.

Kuna viumbe gani wa kuogopwa?

Papa huulizwa mara nyingi, lakini anayewaumiza watu ni taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani kwenye maji mafupi. Burura miguu badala ya kuinua hatua, naye atakimbia. Konyeza, wale viumbe laini wanaoelea, huwasha kwa msimu, na karibu na miamba kuna viumbe wengine wenye miiba mirefu myeusi, kwa hiyo viatu vya mpira vivaliwe.

## Maisha kisiwani

Tuvae nini, na tuenendeje?

Ufuoni Kizingoni mavazi ya kuogelea si tatizo. Mjini na Shela ni tofauti: hiyo ni jamii ya Kiislamu, na Mji wa Kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 ukiwa mji unaoishi. Mabega na magoti yafunikwe, leso moja kwa kila mtu yatosha, na watoto wafundishwe kusema "shikamoo" na kupisha punda kwenye vichochoro.

Msikubali kuendesha pikipiki za magurudumu manne kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Matuta hayo ndiyo yanayochuja na kuhifadhi maji matamu ya kisiwa.

Wasiocheza watafanya nini?

Wana bahati kuliko wanaocheza. Kuna ngome ya Lamu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, na makumbusho kando ya bahari. Matondoni mafundi hujenga majahazi kwa mkono, na mtoto anayependa tiara atafaidika kuona tanga likishonwa. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yana msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita kati ya mikoko, ambao hupitika maji yakiwa yamejaa. Hapa siku za maji mafu, zile nilizozisema vibaya kwenye swali la mwezi, hujikomboa: maji hujaa saa nne asubuhi, mnakwenda Takwa na kurudi kabla ya jua kali.

Chakula hakihitaji mwongozo. Samaki, wali wa nazi, mkate wa mofa, na embe za Desemba.

Malaria na matibabu?

Mtoto wa Nairobi hana kinga ya malaria ya pwani. Zungumzeni na daktari kuhusu dawa za kuzuia wiki kadhaa kabla, na mlale ndani ya chandarua. Mjini kuna hospitali ya kaunti ya King Fahd, lakini kutoka Kizingoni ni safari ya mashua, na jeraha kubwa hupelekwa Mombasa au Nairobi. Kwa sababu hiyo kila familia ijiunge kabla ya safari na mpango wa ndege za wagonjwa. Amref Flying Doctors, walioanza mwaka 1957, wako Wilson.

Fedha?

M-Pesa hutumika, na benki ziko mjini. Chukueni noti ndogo kwa ajili ya mashua.

## Hali zisizo za kawaida

Tukifika na upepo usivume?

Hata Januari hutokea. Msikae ufuoni mkitazama simu. Siku ya utulivu ni ya kwenda kutazama samaki kwenye matumbawe, na ni siku pekee ambayo nahodha atawapa watoto sukani ya mashua bila wasiwasi. Mkiona upepo umelala siku ya tatu, bado msirefushe safari kwa hasira, kwa kuwa tikiti mpya ni ghali kuliko masomo ya Diani.

Je, tunaweza kwenda kwa tiara kutoka Shela hadi Kizingoni?

Wakati wa kaskazi inawezekana, nayo ni safari tamu kuliko zote kisiwani, kwani upepo hukusukuma kwa ufuo mzima. Hakuna nyumba katika sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo ni ya wanaoweza kubisha, wakiwa wawili au zaidi, na mashua ikifuatana nao. Anzeni saa nane mchana siku ya bamvua ili mfike maji yakiwa yamejaa, kabla mkondo wa ncha ya magharibi haujageuka. Watoto waende kwa mashua na vitafunio.

Tunaweza kupata likizo ya Agosti pekee. Tufanyeje?

Kusi ya Agosti imetulia kidogo kuliko ya Juni, na mchezaji mzoefu atafurahia mawimbi. Kwa familia yenye wanaoanza, ningeiweka Lamu kwa ajili ya mji na punda wake, na kaiti ningeipeleka Diani, ambako mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni.

Kijana wangu wa miaka 14 anacheza vizuri kuliko mimi. Je, aende peke yake?

Hapana. Hata awe bingwa, anayemshushia tiara ni mtu mwingine, na mtu huyo ni wewe.